Kabla Hujatuma Pesa ya Lenzi Ndefu, Nisikilize Kwanza



Leo naongea na wewe kijana uliye na kamera na unataka kupiga picha za michezo. Najua ulipo. Umeona lenzi fulani mtandaoni, nyeusi, ndefu kama bomba la maji. Muuzaji anasema inafika mbali. Ukimwambia pesa haitoshi, anakuambia usijali, kuna kifaa kidogo kinaitwa telekonveta, unakifunga kati ya kamera na lenzi na umbali unakuwa mara mbili. Bei yake ndogo. Unahesabu doo zako, unaangalia simu, kidole kiko karibu na M-Pesa.

Toa kidole hapo kwanza.

Najua pia kwa nini una haraka. Agosti 2025 tulicheza CHAN hapa nyumbani, Kenya, Uganda na Tanzania, na Morocco wakachukua kombe Kasarani. Mwezi huohuo michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilikuwa Kakamega, hapo tu. Sasa AFCON ya 2027 imepewa nchi hizohizo tatu. Kila msee mwenye kamera kuanzia Busia hadi Bungoma anajiambia kwamba huu ndio wakati. Mimi pia nilijiambia hivyo. Ndiyo maana naandika, kwa sababu nililipa karo ya somo hili na risiti ninayo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu zake ni ndefu na si za leo. Nilirudi nyumbani na kamera ya zamani, ile ya kioo yenye sensa ndogo, na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi. Mamangu anauza omena sokoni. Alinipa pesa aliyokuwa ameweka kando kwa ajili ya muhula ambao sikuusoma. Alisema, "Chukua hii, fanya kitu, lakini usinirudie mikono mitupu." Nikanunua lenzi ya milimita 75 hadi 300 na telekonveta ya mara mbili. Jumla milimita 600. Mtaani nilitembea nazo shingoni siku tatu kabla ya kupiga picha yoyote.

Siku ya nne ilikuwa fainali ya kombe la mtaa upande wa Malaba. Mechi ilikuwa ianze saa tisa. Timu moja ilichelewa, refa naye akachelewa, ikaanza saa kumi na nusu na mawingu yameshakaa. Nilisimama mbali kidogo, katikati ya uwanja, kama mtu mwenye silaha nzito asiyehitaji kusogea. Kuelekea mwisho winga mmoja, dogo wa kidato cha tatu, akapita mabeki wawili akafunga bao zuri sana, la pekee siku hiyo. Nilibonyeza. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena ikitafuta fokasi, na ilipoipata dogo alikuwa ameshazama chini ya rundo la wenzake. Zile chache zilizotoka zilikuwa na giza, na miguu yake ilikuwa kama moshi.

Wiki mbili baadaye kocha wake akanitafuta. Kuna shule ilikuwa inaangalia wachezaji wa kuwapa nafasi ya masomo, na mwalimu wa michezo wa huko aliomba picha za yule dogo akiwa uwanjani. Kocha alikumbuka mimi ndiye niliyekuwa na lenzi kubwa kuliko watu wote. Sikuwa na hata moja ya kumpa. Aliyemsaidia ni jamaa wa bodaboda aliyekuwa nyuma ya goli na simu yake. Picha ilikuwa na pikseli zinazoonekana kwa macho, lakini uso ulikuwa uso na mpira ulikuwa mpira.

Hebu sasa tuseme ukweli kuhusu kilichotokea, kwa sababu ni hesabu, haikuwa bahati mbaya.

Namba mbili kwenye lenzi

Kila lenzi ina namba mbili unazopaswa kuzijua. Ya kwanza ni milimita, na hiyo ndiyo kila mtu huuliza. Inakuambia kitu kitaonekana kikubwa kiasi gani. Ya pili huandikwa kwa herufi f, kama f/2.8 au f/5.6. Hiyo ni ukubwa wa tundu ambalo mwanga unapitia. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Na hapa ndipo watu wengi huteleza: kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 mwanga unaongezeka mara nne.

Mchezaji anayekimbia anahitaji shata ya sekunde moja ya elfu, yaani 1/1000, ili miguu isiwe moshi. Ukishuka hadi 1/500 bado unaweza kuokoa baadhi. Chini ya hapo unabahatisha. Sasa chukua jioni ya mawingu ya kawaida huku kwetu, saa kumi na mbili kasorobo, dakika za mwisho za mechi. Jua huku huzama karibu saa moja, lakini wingu likikaa, giza halingoji saa. Katika mwanga wa aina hiyo, kwa shata ya 1/1000, lenzi ya f/2.8 inakutaka uweke ISO karibu 800. Lenzi ya f/5.6 inataka 3,200. Lenzi ya f/5.6 iliyofungwa telekonveta ya mara mbili inakuwa f/11, na inataka 12,800.

Kamera yangu inaishia 6,400. Umeona? Kabla refa hajapuliza kipenga mimi nilikuwa nimeshashindwa. Milimita 600 zangu zilikuwa za saa sita mchana, na hakuna mtu huku anayecheza fainali saa sita mchana.

Telekonveta inachukua nini

Sisemi telekonveta ni utapeli. Ni kifaa halali, na wapiga picha wakubwa duniani wanazo kwenye mabegi yao. Lakini haitoi kitu bure. Ya mara 1.4 inakula nusu ya mwanga. Ya mara 2 inakula robo tatu, unabaki na robo. Pia inakuza makosa ya lenzi pamoja na picha. Lenzi ikiwa kali, utabaki na picha nzuri. Lenzi ikiwa ya kawaida, ule ulaini wake unakuzwa ukauone vizuri.

Halafu kuna fokasi. Kamera nyingi za kioo za bei ya chini zimeundwa kufokasi zenyewe hadi f/5.6 tu. Za daraja la juu kidogo hufika f/8. Ukifunga telekonveta ya mara mbili kwenye lenzi ya f/5.6 umefika f/11, na mashine inakuwa kipofu au inatangatanga kama yangu. Kamera za kisasa zisizo na kioo zinavumilia zaidi, lakini hata hizo mwanga ukipungua hufokasi polepole, na winga hakusubiri.

Jambo la tatu hata wauzaji wengine hawalijui. Telekonveta za Canon zenyewe zina kioo kilichochomoza mbele, na zinaingia tu kwenye lenzi zao kubwa za telefoto. Ukijaribu kwenye lenzi ya bei nafuu, vioo vitagongana. Hata kwenye zile za bei ghali si zote zinaingia. Canon RF 70-200 f/2.8 iliyotoka mwaka 2019 haikubali telekonveta kabisa. Canon RF 100-500 inaikubali, lakini kuanzia milimita 300 kwenda juu tu. Za kampuni nyingine huingia kwenye lenzi nyingi zaidi, na kuingia huko ndiko kulikonidanganya mimi. Ilikaa fiti, nikadhani itafanya kazi.

Sasa sikia siri ambayo ingeniokoa pesa. Kama kamera yako ina megapikseli 24, ukiikata picha kiasi cha kupata ukaribu wa telekonveta ya 1.4, unabaki na megapikseli 12. Hizo zinatosha kuchapisha ukurasa mzima wa A4 wa ubora mzuri. Ukikata kama telekonveta ya mara mbili, unabaki na 6, na hizo ni nyingi kwa Instagram, WhatsApp, na bango dogo la timu. Na hujapoteza hata chembe ya mwanga. Kwa kazi tunazopata huku, kukata picha ni telekonveta ya bure iliyo tayari ndani ya simu yako.

Sogea, wewe una ruhusa

Hili ndilo jambo ninalotaka ubaki nalo. Zile lenzi ndefu tunazoziona kwenye runinga, za milimita 400 f/2.8 na 600, zipo kwa sababu wapiga picha wa kule wamefungiwa mahali. Wanapewa kiti, namba na mstari, na hawasogei. Huku kwetu hakuna aliyekufungia. Kwenye viwanja vya shule, vya kanisa, vya mtaa, kati yako na goli kuna watoto watatu na mbuzi mmoja. Ukimwomba refa kwa heshima kabla ya mechi, unakaa pembeni ya goli hadi kipenga cha mwisho.

Tupige hesabu tena. Ukiwa na kamera ya sensa ndogo na lenzi ya milimita 200, ukiisimamisha kamera wima, mchezaji wa urefu wa kawaida anajaza picha yote akiwa umbali wa mita 15 hivi. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Mwisho wa kisanduku ni mita 16 na nusu. Kwa hiyo ukikaa chini karibu na goli, milimita 200 zinakupa kisanduku chote: kona, vichwa, penalti, kipa akiruka, na mfungaji akikukimbilia akishangilia. Mchezaji akiwa mita 30 bado anajaza nusu ya picha, na hiyo unaikata.

Mpira ukienda upande wa pili, wewe tulia. Weka kamera chini, pumzisha mkono. Hakuna picha nzuri ya mtu aliye mita 90 kutoka kwako, hata kwa milimita 600. Mchana wa jua kali, joto linalopanda kutoka ardhini kwenye uwanja mkavu hulainisha kila kitu cha mbali, na hakuna lenzi ya pesa yoyote inayoondoa hilo. Chagua goli ambalo timu yenye nguvu inashambulia, kaa hapo, subiri.

Na jioni, upe Uganda mgongo. Jua letu linazama upande wao. Ukikaa na Uganda nyuma yako, nyuso za wachezaji zinapata mwanga wote uliobaki. Ukikaa ukiitazama Uganda, unapiga vivuli.

Basi ununue nini?

Sitakuandikia bei, kwa sababu hazikai mahali pamoja na shilingi ya Kenya na ya Uganda haziendi sambamba. Nitakupa mpangilio, wewe ukaulize bei.

Kama mfuko ni mwepesi, tafuta milimita 85 ya f/1.8 iliyotumika. Canon wanayo tangu 1992, na Nikon wana ya kwao yenye mota ndani. Haivuti wala kurudisha, iko pale ilipo. Lakini inakupa mwanga karibu mara 10 ya lenzi ya f/5.6. Kwa voliboli, basketiboli, ndondi ukumbini, na soka ukiwa umekaa hapo pembeni ya goli, itakupa picha ambazo milimita zangu 600 hazikuwahi kunipa. Ni nyepesi, na haishangazi watu.

Kama una kitu kidogo zaidi, tafuta milimita 70 hadi 200. Ya f/4 ya Canon, ile nyeupe ya tangu 1999, ina uzito wa gramu 700 hivi na ni kali sana. Jioni itakusumbua kidogo, mchana haina neno. Ya f/2.8 ndiyo lenzi ya kazi yenyewe. Ukiuliza wapiga picha wa michezo wa magazeti wangebaki na lenzi gani moja, wengi watakutajia hii. Ikiwa mpya ni zaidi ya bei ya bodaboda mpya, kwa hivyo tafuta matoleo ya zamani yaliyotumika. Jiandae, ni karibu kilo moja na nusu, na dakika ya 80 mkono utakuambia. Mguu mmoja wa kusimamishia, monopodi, utakusaidia.

Watu wa Nikon, tahadhari. Kuna 80-200 f/2.8 ya zamani nzuri sana inayouzwa kwa bei ya kuvutia. Lakini mota yake iko kwenye kamera, si kwenye lenzi. Kamera ndogo za Nikon, ukoo wa D3000 na D5000 mpaka D3500 na D5600, hazina mota hiyo. Utafunga lenzi na utafokasi kwa mkono mchezo mzima. Uliza kabla.

Ukishakuwa na 70-200 ya f/2.8, hapo sasa telekonveta ya 1.4 ina maana. Inakupa milimita 280 kwa f/4, na fokasi inabaki hai. Hata ya mara mbili inakupa 400 kwa f/5.6, ya kutumia mchana. Unaona mpangilio? Telekonveta huja mwisho, juu ya lenzi yenye mwanga wa kugawa. Mimi nilianza nayo, juu ya lenzi iliyokuwa maskini tayari.

Zile za 150-600 je? Tamron na Sigma ndio walizifanya zipatikane kwa watu wa kawaida kuanzia mwaka 2014 hivi. Ni lenzi za heshima kwa mbio za magari kule Naivasha, ambako kamba inakuweka mbali kwa usalama wako, au mashindano ya baiskeli saa nne asubuhi. Lakini ukifika 600 uko f/6.3. Kwa fainali ya jioni Malaba, hapana.

Na ile ndoto kubwa, 400 f/2.8? Ya Canon iliyotoka 2018 iliuzwa karibu dola 12,000. Wengi unaowaona nazo kwenye michezo mikubwa hawakuzinunua wao. Ni za mashirika yao ya habari, na kwenye Olimpiki Canon na Nikon huweka dawati la kuwaazima wapiga picha walioidhinishwa. Kwa hiyo usijidharau ukiwa na 85 yako, na usimkopee mtu yeyote kwa ajili ya kufanana nao.

Kodi kwanza

Sisi watu wa Busia ndio tulioipa dunia neno bodaboda, pale watu walipokuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Sote tunajua jinsi kijana anavyoanza kazi hiyo. Haanzi kwa kununua pikipiki. Anaendesha ya mtu, analipa mwenyewe kila jioni, anajifunza barabara na wateja, na akishajua hesabu inalipa ndipo anatafuta yake. Kwa nini kwenye kamera tunasahau akili hiyo?

Nairobi na Kampala kuna maduka yanayokodisha lenzi kwa siku. Ukipata kazi ya mashindano ya wikendi, kodi 70-200 ya f/2.8, weka gharama hiyo ndani ya bei unayomtajia mteja, fanya kazi, rudisha. Ukikodi mara nne au tano, utajua kama unaihitaji kweli. Kama hujapata kazi za kutosha kukodi, basi hukuwa na kazi za kutosha kununua.

Njia nyingine ni chama. Mbogi ya wapiga picha watano wa Busia na Malaba mkichanga kila mwezi, mnapata f/2.8 moja ya pamoja. Andikeni sheria mapema: nani anaitumia lini, akiivunja anafanya nini, mtu akitoka anarudishiwa ngapi. Najua nyinyi ni marafiki. Andikeni tu.

Ukinunua ya mkono wa pili, nenda na kamera yako mwenyewe na usinunue kwa picha za WhatsApp. Washa tochi ya simu uimulike lenzi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu huu wa karibu na ziwa itaendelea kukua. Fokasi karibu, fokasi mbali, sikiliza kama mota inakwaruza. Piga gazeti lililobandikwa ukutani kwa f iliyo wazi kabisa, uikuze picha, usome herufi za pembeni. Ukifika nyumbani iweke na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Na kwa sisi wa mpakani: ukivuka na lenzi, beba stakabadhi. Iwe umeikodi au umeinunua Kampala, uliza dawati la forodha kabla ya kuvuka, usingoje kuulizwa baada. Na usiielekeze kwenye kituo cha mpakani, malori, wala maafisa. Nimewahi kusimamishwa kwa nusu saa nikieleza kwamba bomba lililo shingoni mwangu linapiga picha za mpira. Ile ya 85 haijawahi kuniletea maswali.

Kwa wanaoandaa mechi

Nina ombi pia kwenu, makocha, walimu wa michezo na waandaaji wa makombe ya mtaa. Wapeni hawa vijana vizibao vya rangi moja na mahali nyuma ya goli, nyuma kidogo ya mstari, waelezwe sheria na wazifuate. Na jamani, anzeni mechi kwa wakati. Mechi ya saa tisa ikianza saa tisa, mtoto wenu anapata picha nzuri hata kwa lenzi ya kawaida. Mechi ya saa tisa ikianza saa kumi na nusu, mmemnyima mwanga, na pengine hiyo ndiyo siku aliyocheza vizuri kuliko siku zote.

Yule winga alipata nafasi yake, kwa ile picha ya simu na kwa miguu yake. Nafurahi. Lakini bado naikumbuka sura ya kocha niliposema sina. Ile lenzi na telekonveta yake niliziuza kwa hasara, nikaongezea nikanunua 85 iliyotumika. Mama nimeshamrudishia sehemu. Iliyobaki ananidai, na ananikumbusha.

Sasa wewe, kabla hujatuma hiyo pesa, fanya hivi. Jumamosi hii nenda uwanjani na kamera uliyo nayo, hata kama ni simu. Omba ruhusa, kaa pembeni ya goli, mgongo Uganda. Hesabu ni mara ngapi mpira umefika ndani ya mita 20 kutoka ulipo, na uandike saa ambayo picha zako zilianza kuwa na giza. Ukirudi nyumbani na namba hizo mbili, utajua unahitaji lenzi gani, na muuzaji hatakudanganya.